Shahidi wa Usiku katika Mabanda ya Chwele

Miongoni mwa gharama ambazo mfugaji huzilipa kila siku bila ya kuziandika katika daftari lake ni gharama ya hewa ya bandani. Chakula hukiandika, kwa kuwa amekinunua; dawa huiandika, kwa kuwa mwenye agroveti amempa risiti; hata nauli ya pikipiki iliyomleta daktari wa mifugo huikumbuka mwaka mzima. Lakini kifaranga aliyekufa kwa baridi ya saa tisa ya usiku, na ng'ombe aliyepunguza maziwa kwa fukuto la mabati la saa nane ya mchana, hao huwatia katika hesabu ya majaaliwa, akasema kwamba ndivyo ufugaji ulivyo tangu hapo. Rai yangu ni kwamba sivyo ulivyo. Kwamba sehemu si haba ya hasara hiyo ingeonekana mapema, na kwa kuonekana ingezuilika, lau mabandani mwetu mngekuwamo kihisi kidogo cha kupima joto na unyevu wa hewa, chombo ambacho, kikiwa cha namna iliyo sahili, bei yake aghalabu haizidi bei ya majogoo wawili wa sokoni. Walakini nayasema haya kwa hadhari, kwa sababu chombo hiki kimekwisha kupata mawakala wenye ndimi tamu kuliko uwezo wake, na mengi wanayoyauza hatuna haja nayo.

Nimechagua kusema juu ya Chwele, huko Kaunti ya Bungoma, kwa kuwa ni mahali ambapo fedha ya kuku na maziwa si nadharia. Mji huu umekaa chini ya miteremko ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina mita 4,321, na soko lake ni mashuhuri katika nchi yote iliyo baina ya Bungoma na Kitale kwa vitunguu, nyanya, ndizi, na kuku wa kienyeji wanaofungwa miguu alfajiri na kupakiwa kwenda miji ya mbali. Katika nchi ya Wabukusu na Waluhya wenzao kuku si kitoweo tu. Ndiye heshima ya mgeni, na mwenye nyumba aliyeagana na mkwewe pasipo kumchinjia huona haya mbele ya jirani. Haikuwa ajabu, basi, kwamba mali ya umma ikatumiwa kujenga kichinjio cha kuku papo hapo Chwele, wala haikuwa ajabu, kwa wanaojua desturi ya miradi yetu, kwamba kichinjio hicho kilichelewa kuanza kazi. Kila habari yake ilipozungumzwa, yaliyotajwa ni kuta, mitambo na stima. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama kuku wenyewe watafika. Maana kuku hafiki kichinjioni kabla ya kuvuka salama wiki zake tatu za mwanzo, na wiki hizo huzipitisha ndani ya kibanda cha mbao na mabati ambacho hakuna zabuni iliyotangazwa kwa ajili yake.

Tabia ya nchi ya Chwele ina hila yake. Mchana, hasa mwezi wa Januari na Februari kabla ya mvua kuanza, jua huwaka juu ya mabati hata mtu akisimama chini yake huhisi joto likimshukia utosini. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani, na katika Julai na Agosti baridi hiyo huchanganyika na unyevu wa mvua. Mgeni atokaye Mombasa au Lamu, ambako usiku na mchana havipishani sana, hustaajabu kuona kwamba blanketi na kivuli huhitajiwa siku ile ile moja. Mifugo ya bandani huyapata yote mawili ndani ya saa ishirini na nne, na banda lililojengwa kwa kukhofu moja aghalabu huwa adhabu katika la pili.

Wazee waliishi na jambo hili kwa njia yao. Katika nyumba za kale, zile za duara zenye kuta za udongo na paa la nyasi, kuku na ndama walilala ndani pamoja na watu. Nyasi zilizuia ukali wa jua, moshi ukapenya paani na kuchukua pamoja nao hewa iliyochoka, na baridi ilipozidi, aliyeamka kuchochea moto hakuwa amemwamkia ndama, alijiamkia nafsi yake, walakini ndama naye akafaidi. Mtu na mnyama walikaa katika hewa moja, kwa hiyo mtu alikuwa shahidi wa hali ya mnyama pasipo kuajiriwa kwa kazi hiyo. Tulipowatoa wanyama katika nyumba zetu na kuwajengea za kwao tulifanya jambo la usafi na la afya, ambalo sitaki lirudishwe nyuma. Lakini tulimwondoa shahidi, na kwa miaka mingi hatukumweka mwingine mahali pake. Kihisi ndicho shahidi huyo mpya. Kazi yake ni kusema alichokiona, ilhali hukumu inabaki kwa kadhi, ambaye ni mfugaji mwenyewe. Na mabishano mengi juu ya vyombo hivi yangekwisha lau pande zote mbili zingekubali mgawanyo huo wa kazi.

Tutazame kwanza vifaranga, kwa kuwa huko ndiko hasara iliko nyingi na ya haraka. Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42 za sentigredi, naye hulitunza mwenyewe. Kifaranga wa siku moja amevaa malaika tu, si manyoya, na mpaka atimize wiki mbili au tatu hawezi kujipasha wala kujipoza kwa nguvu zake. Kwa hiyo wiki ya kwanza hutakiwa apate joto la nyuzi 32 hadi 35 pale alipolala, kisha lipunguzwe kiasi cha nyuzi tatu kila wiki mpaka lifikie karibu na 21. Mtetea wa kienyeji huifanya kazi hii kwa tumbo lake, na vifaranga wake kumi huingia na kutoka chini ya mbawa zake kwa kadiri ya haja yao. Ndiyo maana anayesema kwamba bibi yake alifuga kuku miaka hamsini bila ya kipimo chochote anasema kweli, na hoja yake haina nguvu: bibi alikuwa na mtetea. Mwenye vifaranga mia tatu, walioletwa kwa makatoni kutoka kituo cha kutotoleshea mayai, amejitwika kazi ya mitetea thelathini, naye hana hata ubawa mmoja.

Mfugaji mzoefu, hata hivyo, huisoma hali ya joto kwa namna vifaranga wanavyokaa. Wakirundikana chini ya taa huku wanalia, wanaona baridi. Wakiikimbia taa na kutandaza mbawa, vinywa wazi, joto limezidi. Wakisongamana upande mmoja wa bruda, yaani kizimba chao cha kupashwa joto, upo upepo unaopenya kutoka upande wa pili. Na wakitawanyika sawasawa, hawa wakila na hawa wamelala, hali ni njema. Elimu hii ni bora kuliko chombo chochote, na sitaki mtu aiache kwa ajili ya kioo chenye tarakimu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba sharti awepo mtu wa kuisoma. Usiku wa manane, stima ilipopotea na taa nyekundu ikazimika, hapana anayesoma. Asubuhi mwenye banda huwakuta vifaranga wamelaliana pembeni, wa juu wazima na wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi, na kwa kuwa stima imekwisha kurudi, taa inawaka na bruda ina joto zuri kabisa, hana sababu ya kuishuku baridi. Hudhani ni ugonjwa. Huenda akanunua dawa ya kuhara damu, akaitia katika maji, na usiku wa pili stima ikapotea tena. Hapo ndipo chombo chenye kumbukumbu hufanya lile ambalo jicho haliwezi: humwonyesha, mathalani, kwamba saa nane bruda ilikuwa na nyuzi 32, na saa kumi ilikuwa na 18, na kwamba dawa aliyoinunua haikuwa na kosa wala haikuwa na kazi.

Ajuaye baridi hufunga, na katika kufunga huko ndimo inamoingia balaa ya pili. Mfugaji huziba nyufa kwa magunia, akapiga nailoni pande zote nne, akashusha turubai juu ya dirisha lililosalia. Afisa wa mifugo akipita humwambia, "Mama, fungua hapa juu hewa ipite," naye hujibu, "Daktari, nikifungua hapa watakufa na baridi," na wote wawili wana haki, kwa kuwa kila mmoja anasema juu ya saa tofauti ya siku. Wakati wao wanabishana, pumzi za kuku mia tatu na maji yanayomwagika huyalowesha maranda ya mbao yaliyotandazwa chini; bakteria waliomo katika maranda yaliyolowa huigeuza asidi ya yuriki iliyo katika kinyesi kuwa amonia; na amonia huchoma macho, kisha ikaviharibu vinyweleo vidogo mno vya njia ya pumzi, ambavyo kazi yake ni kufagia nje vumbi na viini vya maradhi. Kuku aliyepoteza vinyweleo hivyo huugua kwa urahisi, na ukija ugonjwa wa mdondo humkuta hana kinga hiyo ya kwanza. Mwenye kuku ataulaumu mdondo, na mdondo unastahili lawama, lakini si peke yake.

Wataalamu wengi wa kuku husema kwamba amonia isizidi sehemu 25 katika milioni za hewa. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama, uliweka kikomo cha sehemu 20 kwa mabanda yenye msongamano mkubwa, na kaboni dioksidi isizidi sehemu 3,000. Lakini lililonivutia mimi katika agizo hilo ni sharti kwamba kipimo kichukuliwe kwenye kimo cha vichwa vya kuku. Walioandika sharti hilo yaonekana waliwahi kuinama bandani. Mwanadamu huingia amesimama, pua yake iko mita moja na nusu juu ya maranda, akavuta hewa iliyokwisha kuchanganyika na ya nje, akatoka akisema hewa si mbaya. Ilhali kuku anaishi pale pale amonia inapozaliwa. Tena pua yenyewe ina tabia ya kuzoea: harufu iliyoikera mara ya kwanza, ikikaa nayo, huacha kuitambua, na siku nenda siku rudi mwenye banda huwa ndiye wa mwisho kujua, hata mgeni akiziba pua mlangoni yeye humwona ana maringo ya mjini. Sijui ushahidi ulio dhaifu kuliko wa mtu juu ya harufu ya banda lake mwenyewe.

Kuna jambo moja hapa ambalo si la hasara ya mali tu. Pale stima isipofika, au isipotegemewa, vifaranga hupashwa kwa jiko la makaa au chungu kilichotiwa makaa ndani ya kibanda kilichozibwa, na wapo wanaolala humo humo ili wawachunge. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyomkohoza mtu wala kumwasha macho, ambayo huikamata damu mahali pa oksijeni na kumuua aliyelala pasipo kumwamsha. Kipo kihisi chake, chenye king'ora, na anayepasha kwa makaa anakihitaji kabla ya kuhitaji kingine chochote; lakini hata akiwa nacho, tundu la hewa chini na jingine juu ni faradhi, wala mtu asilale ndani. Sina la kuongeza juu ya hili.

Habari ya ng'ombe ni kinyume, na wengi hapa hukosea kwa kumpimia ng'ombe kwa kipimo cha kifaranga. Ng'ombe wa gredi walifika katika mikono ya wakulima Waafrika wa Kenya hasa baada ya Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, ingawa katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, yanayoizunguka Kitale, walikuwapo zamani zaidi. Na tangu miaka ya 1980, mashamba yalipopungua kwa kugawanywa baina ya wana, ufugaji wa kumfunga ng'ombe bandani na kumletea majani ukaenea kote. Friziani, mmoja wa ng'ombe hao wa gredi, asili yake ni Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani. Ndani ya tumbo lake kuna majani yanayochacha mchana na usiku, na uchachu huo hutoa joto, hata ng'ombe mwenye maziwa mengi huwa amebeba moto wake mwenyewe. Katika hewa ya nyuzi 5 hadi 25 huwa raha mustarehe. Kwa hiyo ng'ombe mzima wa gredi haogopi usiku wa Chwele hata kidogo, na nailoni iliyopigwa ukutani kwake ili "asipate baridi" ni dhara tupu, isipokuwa ndama mchanga, ambaye hudhuriwa na sakafu iliyolowa na upepo unaompiga alipolala.

Anachokiogopa ng'ombe huyu ni mchana wa chini ya mabati. Na hapo joto peke yake halitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa ng'ombe hujipoza kwa kutoa mvuke kwa pumzi na ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hukataa kuupokea mvuke huo. Ndiyo sababu wataalamu huvichanganya vipimo viwili kuwa hesabu moja, na kwa muda mrefu wamesema kwamba hesabu hiyo ikivuka 72 ng'ombe wa maziwa huanza kuumia. Wengine siku hizi, wakitazama ng'ombe wa maziwa mengi mno, wamekishusha kikomo hicho hadi 68. Nyuzi 25 pamoja na unyevu wa asilimia 50 hufikia takriban 72. Lakini nyuzi 22 tu, hewa ikiwa imeshiba unyevu kabisa, hufikia pale pale. Mfugaji anayetazama kipimajoto peke yake wakati wa mvua, akaona 22, atasema leo kuna baridi, na ng'ombe wake atakuwa amesimama akihema, ameacha kucheua, na siku ya pili maziwa yamepungua naye analaumu pumba za dukani. Mwaka 2021 jarida la Nature Food lilichapisha utafiti ulioonya kwamba dhiki ya joto itazidi kuwadhuru mifugo wa Afrika ya Mashariki. Nauamini; ila wakulima wa nyanda za juu wanapousikia husema kwamba hayo ni ya Turkana na Garissa, na kihisi kimoja kilichoning'inizwa shubiri chache chini ya mabati mwezi wa Februari kingewasaidia kufikiri upya.

Sasa, chombo chenyewe. Kihisi cha joto na unyevu ni kidogo, hakili stima nyingi, na namna iliyo rahisi huonyesha kwenye kioo joto la sasa, la juu kabisa na la chini kabisa tangu kilipowekwa. Hiyo ya chini kabisa ndiyo habari ya usiku, na kwa wengi yatosha. Namna ya pili huandika kila baada ya dakika chache na kuhifadhi, kisha mtu akasoma mstari wa wiki nzima kwenye simu au kompyuta. Namna ya tatu ina laini ya simu ndani yake, hupeleka arafa pale joto linapovuka mpaka uliowekwa. Vihisi vya amonia vya bei nafuu sivisifu: hudanganywa na gesi nyingine na kuchoka upesi, na mwenye kutaka kujua habari ya amonia pasipo gharama na achuchumae penye kimo cha kuku, asubuhi kabla ya kufungua, akiwa ametoka nje kwenye hewa safi muda mrefu, macho yakimwasha, imekwisha kuzidi. Hata kihisi cha unyevu huharibiwa polepole na vumbi na amonia ya banda, kwa hiyo chapaswa kufanyiwa mtihani mara kwa mara, na mtihani wake uko jikoni. Chukua chumvi ya mezani, uitie maji kidogo iwe uji mzito, uiweke katika kifuniko cha chupa ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa pamoja na kihisi, bila ya kihisi kuigusa chumvi. Baada ya saa kadhaa chombo kilicho sahihi kitasoma asilimia 75, kwa kuwa hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hukaa hapo kwa tabia yake. Kikisoma 60 au 90, mwenye duka amekuuzia pambo.

Nimefika kwenye lile ambalo ndilo shabaha yangu, nalo ni nani anunue. Mawakala wanataka kila mfugaji awe na chake, kilichofungwa daima, chenye ada ya kila mwezi na mchoro wa rangi kwenye simu. Mimi naona kwamba kwa banda la ng'ombe na la kuku wakubwa huo ni ubadhirifu, na sababu yake iko katika asili ya kosa lenyewe. Banda lenye paa lililo chini mno, au lisilo na mwanya baina ya ukuta na paa, kosa lake ni lile lile wiki hii na wiki ijayo. Halihitaji kusimuliwa kila dakika kwa miaka mitatu. Wiki moja ya kumbukumbu wakati wa kiangazi, na nyingine wakati wa baridi ya mvua, zatosha kulifichua, na baada ya hapo kila shilingi inayolipwa kwa kipimo ingefanya kazi zaidi kwa msumari na ubao. Kwa hiyo chombo kimoja chenye kumbukumbu chaweza kuzunguka katika chama cha wafugaji ishirini, kikikaa siku chache kwa kila mmoja, na mwisho wa mzunguko wanachama wakakaa pamoja kutazama mabanda yao yakilinganishwa. Nami nadhani kule kulinganisha kutafanya zaidi ya mahubiri mengi, maana mtu huvumilia banda baya mpaka aone la jirani yake, lenye mabati yale yale na mlima ule ule, limekuwa na nyuzi nne pungufu saa nane ya mchana kwa sababu ya mwanya wa dhiraa moja chini ya paa.

Bruda ni mbali na hayo, na hapo nakubaliana na mawakala bila ya ubishi. Kosa la bruda si la kudumu. Huzaliwa usiku ule ule stima inapokatika, makaa yanapokwisha au upepo unapogeuka, na mzunguko wa zamu hauwezi kulikamata. Pale kihisi cha arafa ni haki yake, tena kiwe na betri yake chenyewe, kwa kuwa chombo kinachozimika pamoja na taa hakina faida. Wala si ndoto katika nchi hii: huduma ya iCow, iliyoanzishwa na Su Kahumbu mwaka 2011, iliwazoesha wafugaji kupokea kwa simu ya kawaida maagizo juu ya ng'ombe wao, na tangu M-Pesa ya mwaka 2007 hakuna mwanakijiji anayestaajabu kwamba simu yaweza kubeba amana. Arafa ya saa nane ya usiku isemayo kwamba bruda imeshuka chini ya nyuzi 28 humpa mfugaji muda wa kuamka, kuvaa gumbuti na kuwasha jiko huku mlango uko wazi. Muda huo ndio anaoununua.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, ufugaji, machinjio, masoko ya mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama vimo katika kazi za serikali za kaunti. Kaunti ya Bungoma, basi, ambayo kichinjio cha Chwele kimo katika eneo lake, haiwezi kusema kwamba banda ni siri ya mkulima na kuku huihusu pale tu anapofika mlangoni pa kichinjio. Sitaki inunue vihisi elfu na kuvigawa katika mkutano wa hadhara wenye mahema na vipaza sauti. Vitu vilivyogawiwa hivyo tumeviona vikiishia chini ya kitanda. Nataka kila afisa wa mifugo wa wadi apewe vichache, awe na dhamana navyo, avifanyie mtihani wa chumvi kila mwezi, avizungushe katika vyama, na taarifa aliyoipata amwachie mwenye banda nakala yake kwanza kabla ya kuipeleka ofisini. Nasema mwenye banda kwanza, kwa kuwa rekodi ya hasara za mtu ni habari yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaijua haki ya mtu juu ya habari zake binafsi, na si vyema mkopeshaji au mwenye bima akajua joto la bruda ya mjane wa Chwele kabla ya mjane mwenyewe.

Ataniuliza mtu, na maafisa hao wako wapi, ilhali wadi nzima yaweza kuwa na mmoja, naye hana mafuta ya pikipiki? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba afisa mmoja asiye na chombo humaliza ziara yake kwa kusema "fungua dirisha" na kujibiwa "watakufa na baridi", akaondoka, na mwaka unaofuata maneno yakarudiwa. Afisa huyo huyo akiacha chombo kwa siku saba na kurudi, watakaa yeye na mama mwenye banda juu ya karatasi moja, wauone usiku na mchana umeandikwa saa kwa saa, na wakubaliane, mathalani, kwamba dirisha la upande wa magharibi lifungwe jua linapotua na mwanya wa juu usifungwe kamwe. Ziara ni mbili badala ya moja, nakiri, na mafuta yatazidi. Lakini kazi inayobaki baada ya hapo ni ya seremala, na seremala wa Chwele hahitaji kufundishwa kukata dirisha. Anachohitaji ni kuambiwa likatwe upande upi, na kwa kimo gani kutoka chini.